Komeo la Upande wa Nje

Mlango wa chumba cha kulala cha Salme, katika fleti ya ghorofa ya pili kule Lanham, ulikuwa na komeo upande wa nje. Komeo la namna hiyo lina kazi moja tu. Huwezi kujifungia nalo, unaweza kufungiwa.

Aliyelipigilia ni Othman, mumewe, wiki ile ile Salme alipofika Marekani kutoka Unguja. Othman alikuwa dereva wa teksi, mtanashati, mwenye maneno laini mbele za watu. Kila alipotoka kwenda kazini alimwingiza mkewe chumbani na chupa ya chai na mkate wake, akatia kufuli, akaenda zake. "Nchi hii mbaya," alimwambia. "Nakuhifadhi." Wapo wanaume wanaowahifadhi wake zao kama sukari inavyohifadhiwa na sisimizi, na juu ya hayo wanataka washukuriwe.

Siku moja jirani wa chini aliunguza mafuta jikoni, na kengele ya moto ya jengo zima ikalia. Salme alisikia miguu ikishuka ngazi, watoto wakiitwa majina, kisha kimya, na kengele haikomi. Aligonga mlango mpaka viganja vikavimba. Moto wenyewe ulikuwa mdogo na ulizimwa upesi, lakini yeye angeyajuaje hayo? Alichojua ni kwamba anakufa, na anakufa peke yake, amevaa khanga ya kulalia. Othman aliporudi alimkuta amejikunyata chini ya dirisha, hawezi kusema. Tangu siku hiyo kengele yoyote, hata ya simu, ilimrudisha chini ya dirisha lile.

Sauti ilipomrudia alisema jambo moja tu, kwamba atakwenda kumweleza jirani yao, Bi Mahfudha. Othman akapandwa na hasira, akamwacha papo hapo. Talaka moja. Msidhani hasira ilimpotezea akili. Angeweza kutoa tatu akamaliza, lakini alitoa moja, kama mtu anayetoka nyumbani na kurudishia mlango bila kuufunga. Akahamia Falls Church, upande wa Virginia, kwa rafiki yake. Na pasi ya Salme ya kusafiria ikaondoka naye mfukoni.

Bi Mahfudha alikuwa mwanamke wa Mombasa, wa Mji wa Kale, binti wa mwalimu wa chuo cha Kurani. Kila Jumamosi alisomesha watoto Kurani sebuleni kwake, mtaa wa pili kutoka kwa Salme. Watoto walimjibu kwa Kiingereza, naye akawagombeza kwa Kiswahili, na mambo yakaenda. Ndiye aliyemtafutia Salme kazi ya kushona mikunjo ya sare katika ghala moja Landover, na ndiye aliyemkalisha chini akamweleza hali yake bila kuipamba.

"Sikiza, mwanangu. Talaka ni moja na eda yako haijesha. Mpaka uingie mwezini mara ya tatu, Othman ana haki ya kukurejea. Hahitaji radhi yako, hahitaji kadhi. Akisema 'nimekurejea', basi u mkewe, utake usitake."

Salme akauliza, "Na akisema kwa mzaha?"

"Mambo matatu hayana mzaha. Ndoa, talaka na kurejea. Ukiyachezea, yamekuwa kweli."

"Na nani atajua kwamba eda imekwisha?"

"Wewe. Hapo hakuna shahidi mwengine. Mwanamke ndiye asadikiwaye, na Mungu ndiye amwonaye."

Basi Salme akakaa akingojea mwili wake. Othman alipopiga simu, alikata. Alipomwona mtu mwenye mabega kama yake sokoni, alijificha nyuma ya marundo ya viazi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mwezi wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, na wa tatu ukakaribia. Aliona maumivu ya kiuno yanaanza na akafurahi, jambo ambalo hakupata kulifanya tangu avunje ungo.

Ndipo Othman akapiga simu tena, na safari hii alisema neno lililomzuia Salme asikate.

"Nataka nikupe pasi yako."

Othman akaendelea upesi.

"Kuna kampuni imetuandikia barua, bwana na bibi. Wanatoa zawadi. Labda gari, labda boti ya injini, sijui. Lakini sharti waende mume na mke pamoja. Tukae saa moja na nusu tuwasikilize, tuchukue zawadi, mimi nikupe pasi, kila mtu ashike njia yake."

"Mimi si mke wako."

"Wao hawajui. Mchezo tu huo, Salme."

Neno mchezo lingetosha kumshtua. Lakini mtu asiye na pasi katika nchi ya wenyewe hana usingizi. Kila askari anayepita humwona anamjia yeye. Hakumwuliza Bi Mahfudha, kwa sababu alijua angekatazwa, na sisi binadamu tuna tabia ya kutomwuliza anayejua pale tunapoliogopa jibu.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa Aprili, mwaka 1987. Ukumbi wenyewe ulikuwa ndani ya hoteli, pembeni mwa barabara ya Route 7, huko huko Virginia, si mbali na Beltway, ile barabara kuu ya mzunguko. Mlangoni alikaa karani mwenye tabasamu, akaomba vitambulisho vya wote wawili. Othman akatoa leseni yake, kisha, kutoka mfuko wa ndani, akatoa pasi ya Salme. Salme akanyosha mkono. Karani akawa mwepesi zaidi. Alivitia vyote viwili katika sanduku dogo la chuma. "Mtavipata mkimaliza," akasema. Mlango wa ukumbi ukafungwa nyuma yao, na Salme akageuka kuutazama una komeo upande gani.

Kulikuwa na meza nyingi za duara, na kila meza ilikuwa na mume, mke na mwuzaji. Mwuzaji wao alikuwa kijana mrefu, Mmarekani mweusi, suti ya kijivu, na kibao kifuani: Kwesi Peterson. Aliwatazama, akamtazama Salme na mtandio wake, na uso ukamchangamka.

"Hamjambo, ndugu zangu! Karibuni sana. Mmetoka Zanzibar? Mimi nilisoma Kiswahili miaka mitatu, college."

Salme akajikuta anatabasamu. Kumbe kuna mtu wetu humu! Ndivyo alivyofikiri, na ndivyo kampuni ilivyotaka afikiri. Kwesi hakuwa mtu mbaya kwa sura wala kwa sauti. Kiswahili alikipenda kwa dhati, na sasa alikuwa anakiuza pamoja na mali nyingine.

Mali yenyewe ilikuwa hii. Kuna nyumba kando ya ziwa, milimani huko Virginia. Nyumba hiyo huinunui yote. Unanunua wiki moja ya kila mwaka. Wiki yako ikifika unakwenda unakaa, ikisha unatoka na masanduku yako, anaingia mwenye wiki yake. Nyumba moja, wenyewe hamsini. Kwetu mtu akiuza nyumba moja mara mbili anapelekwa mahakamani, na hawa waliiuza mara hamsini wakapigiwa makofi.

"Wiki hiyo ni yenu milele," alisema Kwesi. "Nyinyi, watoto wenu, wajukuu. Mkichoka, kampuni itainunua tena, any day, kwa bei kubwa zaidi. Hamwezi ku-lose. Mimi siwezi kuwauzia kitu kibaya familia yangu."

"Kaka Kwesi," akauliza Salme, "kama faida yake ni rahisi hivyo, mbona nyinyi wenyewe hamkai nazo?"

Kwesi akacheka sana. "Swali zuri, mama Salme. Swali zuri sana." Na hakulijibu.

Hapo kengele ikalia. Ilikuwa kengele ya shaba, kubwa, juu ya meza ya mbele. Kila mtu aliyekubali kununua aligongewa, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Salme aliruka kitini, kahawa ikamwagika mezani. Othman akamtazama kwa jicho kali. "Usini-embarrass," alimnong'oneza. Salme alifuta meza kwa mtandio, na pua yake ilikuwa imeshaanza kunusa moshi usiokuwepo.

Saa moja na nusu ikapita. Salme akauliza kama wanaweza kwenda. "Tunakaribia kumaliza," alisema Kwesi. Akaja meneja, Mzungu wa makamo, akapunguza bei, akasema bei hiyo inakufa pale watakapoinuka vitini. Mume mmoja wa meza ya jirani alisimama kutaka kuondoka. Wakamjia wawili, mmoja huku mmoja huku, wakicheka, wakimpapasa mabega, mpaka akakaa. Salme aliona jinsi alivyokaa. Ndipo alipoelewa kwa nini waliwataka mume na mke pamoja. Mtu akija peke yake husema, "Ngoja nimwulize mwenzangu," akapata kutoka. Hapa mwenzako yupo, njia ya kutokea imezibwa, na kitambulisho chako kimo kwenye sanduku la watu.

Na kila Kwesi aliposema "mke wako", Salme alimgeukia Othman. "Mke wako ataipenda jiko hii." "Mwambie mke wako kuhusu boti." Othman hakumsahihisha. Alikuwa anaitikia kwa kichwa, na kila alipoitikia alimtupia Salme jicho, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole kabla ya kuingia. Salme akaogopa hasa. Mpaka dakika hiyo alidhani Othman amemleta kwa ajili ya zawadi.

Akaomba kwenda msalani. Hata huko hakuachwa. Mwanamke mmoja wa kampuni alimfuata mpaka ndani, akasimama nje ya kijumba cha choo akimsifia samaki wa ziwani. Salme alijifungia, kwa ndani, akainama akatazama. Hakuna kitu. Nguo ilikuwa safi vile vile alivyoivaa asubuhi. Kiuno kilimuuma, tumbo lilimkaza, dalili zote zilikuwepo, lakini damu yenyewe haikuja. "Ya Rabbi, leo," alinong'ona. "Nifanyie leo." Nje yule mwanamke akagonga. "Are you okay, honey?"

Aliporudi, karatasi zilikuwa mezani na Othman ameshika kalamu. Macho yalikuwa yanamng'aa. Alikuwa ameshajiona Unguja, barazani, akiwaambia watu kwamba ana nyumba ya ziwani. Kilichobaki ni sahihi mbili.

"Sign hapa," akamwambia Salme.

"Mimi siweki sahihi."

Kwesi hakumgeukia Salme. Alimwinamia Othman, akatabasamu taratibu, na akasema lile alilofundishwa kulisema mke anapogoma. Aliyemfundisha alijua kidonda cha mwanamume kiko wapi.

"Bwana Othman, pole kwa kuuliza. Nyumbani kwako, nani ana-decide?"

Othman akabadilika rangi. Meza za jirani zilikuwa zinasikiliza.

"Salme. Sign."

"Hapana. Na wewe unajua kwa nini huwezi kuniamuru."

Kwesi akawatazama mmoja baada ya mwingine. "Kuna problem? Si mke wako huyu?"

Othman akasimama. Alikuwa na sauti nzuri Othman, ya kusomea khutuba, na aliitoa yote.

"Mke wangu. Na kama palikuwa na maneno, yamekwisha. Wewe unajua Kiswahili, basi uwe shahidi. Salme, nimekurejea."

Kwesi hakujua fikihi, lakini alijua kusoma nyuso za wateja. Aliona mume na mke wamepatana, na mume na mke waliopatana hutia sahihi. Akainuka kwa furaha, akaiendea ile kengele, akaigonga. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Watu walimgeukia Salme wakitabasamu, wanawake wenzake, wazee, vijana wa suti, wote wanashangilia kurudishwa kwake chumbani.

Roho ilimruka. Hakuona tena meza wala watu. Aliona rangi ya mlango wa Lanham kwa ndani, aliona sahani ya mkate, alisikia kufuli likiingia. Kengele ilikuwa bado inavuma. Na katikati ya hofu ile, mdomo wake ukafunguka wenyewe.

"Umechelewa, Othman," alisema. "Eda yangu imekwisha."

"Lini?"

"Sasa hivi, huko msalani. Kabla hujasema."

Alilisema bila kupepesa macho. Tangu asubuhi alikuwa amekaa mbele ya watu wanaosema yasiyokuwepo kwa uso mkavu, na hofu ni mwalimu wa haraka.

Othman alimkazia macho akiutafuta uongo usoni mwake, asiuone. Makofi yalikuwa yanafifia. Sasa yeye ndiye aliyesimama katikati ya ukumbi, ameruka ukuta akakuta hakuna nyumba, na watu wanatazama. Aibu ikamgeuka kuwa ghadhabu.

"Basi potelea mbali! Nani anakutaka? Na mimi nimekuacha, unasikia? Usije ukaota kwamba nakulilia."

Akakaa kwa kishindo. Kwesi alikuwa amerudi mezani na tabasamu lake limemkauka. "Wait. Kwani nyinyi hamjaoana?"

Salme akamgeukia meneja, akakusanya Kiingereza chake chote kidogo. "This man is not my husband," alisema. "I am not wife."

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Watu wale wale waliokuwa wakiziba njia sasa walishindana kumfungulia. Mwanamke asiye mke hana sahihi ya kutoa, na akikaa atawaharibia meza za jirani. Sanduku la chuma likafunguliwa. Karani akamkabidhi pasi kwa ncha za vidole. Meneja mwenyewe akamshikia mlango. Salme alitolewa nje kama mwizi, na sijui kama kuna mtu aliyepata kufurahia hivyo kutolewa kama mwizi. Kwesi alimtazama akipita, kisha akainama kupanga karatasi zake.

Othman hakutoka. Walikuwa wameshamvutia kiti karibu na kumletea kahawa nyingine. Baadaye watu walisimulia kwamba alitia sahihi peke yake, maana ilivyotokea sharti la mke halikuwa la kununua, lilikuwa la kunaswa. Zawadi alipewa. Boti ya injini ilikuwa ya mpira, ya kupuliza kwa mdomo, na injini yake ilitiwa betri za tochi.

Salme alitembea kando ya barabara ya magari mpaka stesheni ya treni, ameibana pasi kifuani. Treni ile inakwenda moja kwa moja mpaka New Carrollton, karibu na kwake, kwa hiyo hakuwa na kazi ila kukaa. Furaha ilimtoka kabla hawajavuka mto. Kwani alikuwa amefanya nini? Kama damu haikuwa imekuja, na haikuwa imekuja, basi neno la Othman lilimkuta ndani ya eda. Basi hapo alipokaa ni mke wake, halali, na anamkimbia kwa uongo. Maji yakimwagika hayazoleki.

Damu ilikuja kesho yake, akiwa anachambua mchele. Kesho yake! Salme alikaa sakafuni jikoni na ungo mapajani, akalia kama mfiwa.

Habari zilikuwa zimemfikia Bi Mahfudha kwa njia zake. Alikuja, akapokea shikamoo yake, akakaa, akauliza swali moja. "Uliiona kabla ya neno lake au baada?"

"Kabla," akasema Salme.

Bi Mahfudha akainuka. "Basi. Wewe ndiye usadikiwaye."

Maneno hayo yalimtisha Salme kuliko Othman. Othman angeweza kumpigia kelele, naye angekimbia. Lakini utamkimbiaje mtu anayekusadiki? Tangu hapo aliishi kwa hofu mbili. Aliogopa Othman asije akajua na kuja kumdai, na aliogopa kufa kabla hajajua yeye ni nani mbele ya Mungu. Aliposali alisali haraka, kama mdaiwa anayepita mbele ya duka. Komeo la mlangoni hakuling'oa. Bisibisi alikuwa nayo. Alijiambia hana haki ya kung'oa kitu cha mume.

Majira yakageuka, majani yakapukutika, baridi ikaingia. Mabasi ya kutoka Landover yakawa yanachelewa kwa theluji, na Bi Mahfudha akawa anakuja kumchukua kazini kwa gari la mpwa wake, Badawi, fundi wa majokofu. Badawi alikuwa mtu wa maneno machache. Aliendesha polepole, na Salme alipokaa kiti cha nyuma alikuta pameshatandikwa blanketi. Hakuna aliyemwambia Badawi atandike blanketi. Salme alimpenda, na hilo nalo likamtia hofu, maana mke wa mtu hampendi mtu.

Mwezi wa Januari, siku ya theluji nzito, Bi Mahfudha alikuja kwa miguu, akavua viatu vya mpira mlangoni, akapewa chai.

"Badawi ataka kukuposa," alisema. "Nimwambie nini?"

Salme akatikisa kichwa. "Siwezi."

"Humpendi?"

"Nampenda."

"Basi?"

Alitaka kusema yuko mbioni kurudi Unguja. Alitaka kusema bado hajapoa. Maneno yote yalikuwepo, tayari, laini, na alijua kwamba akiyasema atasadikiwa. Ndicho kilichomwogopesha zaidi, urahisi wake.

"Mimi ni mke wa mtu, Bi Mahfudha. Siku ile msalani sikuona kitu. Nilisema uongo."

Bi Mahfudha akaweka kikombe chini. "Nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Nikakusadiki."

"Ulinisadiki." Na Salme akafunika uso kwa mikono, akingojea mlango ufungwe.

Mwanamke yule alijivuta karibu naye, chai akaiacha ipoe. Aliposema, sauti yake ilikuwa ya darasani. "Futa machozi. Sasa nambie upya, neno kwa neno. Alisema nini, ukasema nini."

"Alisema nimekurejea. Nikasema umechelewa."

"Kisha?"

Salme akasita. Kila mara aliposimuliwa na moyo wake habari hii, iliishia kwenye uongo wake mwenyewe. Hakupata kwenda mbele ya hapo. "Kisha akanitukana."

"Akakutukanaje?"

"Akasema potelea mbali. Akasema nani anakutaka. Akasema..." Alitazama sakafu. "Akasema, 'Na mimi nimekuacha, unasikia?'"

"Alisema nimekuacha?"

"Lakini alikuwa akinipayukia tu. Alidhani mimi si mkewe tena."

"Alidhani alivyodhani. Ni mambo mangapi nilikwambia hayana mzaha?"

"Matatu."

"Yataje."

"Ndoa," akasema Salme. "Talaka." Na la tatu halikumtoka mdomoni.

"Amekurejea kwa neno moja, akakuacha kwa la pili, hata kitini hajakaa," alisema Bi Mahfudha. "Hiyo ni talaka yake ya pili. Eda yako ikaanza upya siku ile ile, na imekwisha zamani, hata koti hujalivaa. Ulikuwa mke wa Othman kwa muda wa kugonga kengele. Toba unayo, na utaileta, kwa Mungu kisha kwangu. Lakini mume huna."

Salme alicheka, kisha akalia, kisha vyote viwili pamoja. Miezi yote hiyo alikuwa ameketi ndani ya chumba kisichofungwa. "Mbona sikuona?" aliuliza. "Nilikuwepo, nilimsikia kwa masikio yangu, mbona sikuona?"

"Kwa sababu ulikuwa na lako la kuficha. Ungenambia siku ile, ungelala usingizi." Bi Mahfudha akamalizia chai yake baridi, akainuka. "Haya. Badawi yuko nyumbani angoja. Nimwambie nini?"

Salme alitazama kule chumbani, kwenye ule mlango na chuma chake. Hofu haikuwa imekwisha; alijua sasa kwamba haitakwisha kwa siku moja. Lakini kwa mara ya kwanza tangu aingie nchi hii, yeye ndiye aliyekuwa anaulizwa.

"Mwulize kwanza," alisema. "Mlango wa chumba chake unafungwa upande gani."

Bi Mahfudha hakucheka. Alivaa viatu vyake vya mpira, akajifunga mtandio, akatoka kwenye theluji kwenda kuuliza.